Mtumbwi Si Hori la Ng'ombe

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Mama yangu alikuwa akisema kwamba nilipozaliwa sikulia, nilifoka. Nalisema hilo mapema kwa sababu bila hasira hizo nisingeingia majini hata siku moja. Kwetu Mwandoya maji ni ya ng'ombe na ya kupikia, na mtu mzima anayeyaingia mpaka shingoni ama anavusha mifugo mtoni ama akili zimemruka.

Mume wangu alikuwa mtu wa ziwani. Alikuja Bariadi akiwa kijana, kufanya kazi kwenye kinu cha kuchambulia pamba, akaniona kwa shangazi yangu pale Somanda, na mengine ni ya kwetu wawili. Miaka ile ya vijiji vya ujamaa ilipofika tulihamishwa pamoja na wengine, tukapelekwa kijiji kipya upande wa Ngulyati. Nyumba zilipangwa kwa mistari, shamba la pamba la pamoja lilikuwa nyuma, na mbele kabisa kulikuwa na lambo kubwa lililochimbwa kwa ajili ya mifugo. Sisi wote tuliliangalia tukaona ng'ombe watapata maji. Yeye aliliangalia akacheka peke yake.

Katika mkutano wa kwanza, mwenyekiti wa kijiji alitaka kila mtu ataje ufundi wake ili autumie kwa faida ya wote. Mmoja akasema uhunzi, mwingine useremala. Mume wangu akasimama akasema, "Mimi ni mvuvi." Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mvuvi hapa, penye vumbi hili? Lakini kijito kilichokuwa kikilijaza lambo kilifurika kila masika, na kilikuja na perege, kambare na kamongo, ambao sisi wafugaji tulikuwa tukiwatazama tu na kuwaacha waende zao. Akapewa ruhusa ya kukata mti mmoja. Kwa shoka na tezo akachonga mtumbwi wa mtu mmoja, mwembamba, upate kupita kati ya visiki vya miti iliyozama lambo lilipojaa. Ulikuwa mali ya kijiji, kama plau na mikokoteni, na samaki waligawanywa nyumba kwa nyumba. Haukupita muda, hata wale walioapa kwamba kamongo ni nyoka walianza kutuma watoto na mabakuli.

Kisha akaanguka. Kuanguka kwenyewe si kitu kwa mvuvi. Alizoea tangu utotoni: anazama hapa, anaibukia pale, anapanda tena huku anaimba. Lakini siku hiyo mguu uliingia kwenye wavu wake mwenyewe, na wavu ulikuwa umenasa kwenye kisiki cha pembeni, chini ya maji. Wachungaji waliokuwa wakinywesha ng'ombe waliona mtumbwi umelala kifudifudi na mtu haonekani. Hakuna hata mmoja wao aliyejua kuogelea. Waliingia wameshikana mikono kwa mstari, wa mbele maji yakamfika puani, wakamvuta yeye pamoja na wavu. Tulimpeleka hospitali Somanda kwa mkokoteni wa ng'ombe, mimi nimekishika kichwa chake njia nzima, nikimtukana ili asilale.

Alipona. Kifua kilipona na mguu ukapona, ila mtu niliyerudi naye nyumbani sikumjua. Alikuwa akikaa nyuma ya nyumba, upande ambao lambo halionekani. Akioga alijimwagia maji ya kata, kidogo kidogo, na uso aliufuta kwa kitambaa kilicholoweshwa, maana hakutaka maji yamguse puani. Shambani alikwenda, alilima, alirudi. Wapita njia wakimsalimia "Mwangaluka," aliitika vizuri kabisa. Wakimwuliza habari za mtumbwi aliinuka na kuondoka. Usiku alikuwa akishtuka na kunishika mkono kwa nguvu, asubuhi ananiuliza mkono umepatwa na nini.

Mama yangu alikuja kutoka Mwandoya na kibuyu cha maziwa na dawa ya kila kitu. Alisema lambo limechukua kivuli cha mkwe wake, na kwamba wazee waliotangulia wanataka kuku mweusi. Sikudharau, mama ni mama. Tukachinja kuku mweusi pale kingoni, maneno yakasemwa yote yanayostahili. Mume wangu akala paja lake, akashukuru kwa adabu, akarudi nyuma ya nyumba.

Kiangazi chote mtumbwi ulilala kwenye kingo, umegeuzwa juu chini, mbuzi wakipanda juu yake kujianika jua. Mvua zilipoanza tena na lambo likajaa, ukaitwa mkutano wa kupanga kazi za msimu. Mzee mmoja mwenye ng'ombe wengi akasimama akasema, kwa nia njema kabisa, kwamba kule kingoni kuna gogo zuri lililokwisha kuchongwa ndani. Tukilikata ncha tukalisawazisha, alisema, litakuwa hori la kunyweshea ndama, na ndama wataacha kuzama kwenye matope. Watu wakapiga makofi. Usiwalaumu. Kwa wafugaji mtumbwi ni hori lililopotea njia.

Mwenyekiti akamgeukia mume wangu. "Mwenzetu, wewe ndiye uliyeuchonga. Unasemaje?"

"Uchukueni," akasema.

Basi. Neno moja. Mti ule nilimwona akiuchonga toka asubuhi mpaka giza, akiupapasa kwa kiganja kama anapapasa mgongo wa mtoto, na leo anasema uchukueni, tena anatazama vidole vyake vya miguu. Nilijua pale pale, jinsi mtu anavyojua kwamba ugali unaungua, kwamba ndama wakinywea ndani ya mtumbwi ule, mume wangu ndio basi. Ataendelea kula na kulima, atazeeka vizuri tu, lakini yule aliyecheka peke yake alipoliona lambo hatarudi. Hasira ikanipanda kutoka nyayoni.

Nikasimama. Miaka ile tulikuwa tukiambiwa wanawake waseme mikutanoni, ila ukisema kweli watu wanakutazama kama una homa. "Mtumbwi hautakatwa," nikasema. "Utaingia majini."

"Na nani, mama?" mwenyekiti akauliza.

"Na mimi."

Aa, kicheko kile! Mzee mwenye ng'ombe akafuta machozi. Mwingine akasema mwanamke akipanda mtumbwi samaki hukimbia wote. "Wakikimbia watakimbilia wapi?" nikamjibu. "Lambo si lina kingo?" Hapo baadhi wakacheka upande wangu. Mwenyekiti alikuwa mtu mwenye haki, na nadhani pia alitaka kuona sinema. Akasema nipewe muda mpaka pamba ya shamba la pamoja iishe kuvunwa. Kama mpaka siku hiyo mtumbwi haujafanya kazi ya mtumbwi, utafanya kazi ya hori.

Tulirudi nyumbani, mume wangu akitembea mbele. Mlangoni akasema, "Utakufa."

"Basi utaoa mwingine mwenye adabu," nikamwambia, nikaingia ndani kulia nisionekane.

Siku ya kwanza nilikwenda peke yangu. Nilijifunga kanga mbili kiunoni, nikausukuma mtumbwi, nikapanda, nikasimama wima. Nani angeniambia kwamba hapasimamwi? Mchungaji husimama, mlimaji husimama, anayekaa kazini ni mvivu. Mtumbwi ukaegemea kulia. Sasa, mimi nimekulia nyuma ya plau. Plau ikilala kulia unajitupa kushoto kwa uzito wako wote, unaikandamiza mpaka inyooke, na baba yangu alikuwa akinisifu kwa hilo. Nikajitupa kushoto. Mtumbwi nao ukaja kushoto, kwa furaha, ukanimwaga.

Nikapanda tena, ukalala kushoto, nikajitupa kulia, nikamwagwa kulia. Wachungaji waliacha ng'ombe wao wakaja kukaa kwenye majani. "Mayu," mmoja aliita, kwa heshima zote anazopewa mama wa watu, "unaoga au unavua?" Nilimtajia ukoo wake mpaka bibi yake. Nilirudi nyumbani natiririka matope, kasia limepotea, ruba amening'inia kwenye kisigino.

Mume wangu alikuwa nyuma ya nyumba. Alinitazama kutoka juu mpaka chini. Nikaona mdomo wake unatikisika, na sijui kama ilikuwa kicheko au uchungu.

"Ulisimama?"

"Nilisimama."

"Nani alikwambia mtu husimama?"

"Nani angeniambia? Anayejua amekaa nyuma ya nyumba."

Ilikuwa mara ya kwanza kwake kusema neno juu ya maji tangu atoke hospitali. Akageuza uso, ameukunja kama mtu anayeumwa jino. Na hapo ndipo nilipoelewa kitu kimoja kuhusu mafundi. Fundi unaweza kumvunja moyo kwa kila njia, ila hawezi kuvumilia kuona kazi yake ikifanywa ovyo.

Jioni ileile alitoka na kinu changu cha kutwangia, akakilaza uani kwa ubavu. "Kaa juu yake," akasema. Nikakaa. Kinu kikaviringika, nikaangukia kuku. "Tena," akasema. Nikaangukia tena. Majirani walitokeza vichwa juu ya ua kuona mke wa mtu anapanda kinu, na mimi nikawauliza kama kwao hawana kazi.

"Unashindana nacho," mume wangu akasema. "Kikienda kulia unajitupa kushoto kama umeitwa."

"Plau ndivyo inavyotaka."

"Plau ina ardhi chini. Mtumbwi una nini chini?" Akachutama mbele yangu, akanishika nyonga kwa mikono miwili. "Hapa kwenda chini ni mali ya mtumbwi. Uachie. Ukiegemea, na wewe egemea. Hapa kwenda juu ni mali yako, hapo ndipo ukae umetulia. Mtu anazamishwa na ubishi wake."

Ubishi! Mimi! Nilitaka kumjibu, lakini mikono yake ilikuwa kwenye nyonga zangu na sauti yake ilikuwa ile ya zamani, kwa hiyo nilifunga mdomo, jambo ambalo si la kawaida kwangu.

Siku zikaenda hivyo. Asubuhi palizi ya pamba, jioni kinu, na siku mojamoja lambo. Alinichongea kasia jipya. Alinifundisha kukaa chini kabisa, magoti yamepanuka yanagusa mbavu za mtumbwi huku na huku. Alinikataza kutazama maji ya karibu, nitazame miti ya ng'ambo. Alinionyesha jinsi ya kupiga maji kwa ubapa wa kasia upande ninaoangukia, kofi moja, halafu nyonga zirudi zenyewe. "Usishike ubavu wa mtumbwi hata uwe unakufa. Anayeushika ubavu anaupindua kwa mkono wake." Yote hayo aliyasemea uani. Mimi ndiye niliyeyapeleka majini na kuyasahau.

Kilichoniokoa hakikutoka kwake. Siku moja, nimekwisha kumwagwa kiasi cha kutosha na nimechoka kuchekwa, nilijisemea: hivi mimi si nimebeba maji kichwani tangu nijue kutembea? Nimeshuka nayo makorongo, nimeruka nayo mawe, nimegombana na watu nayo kichwani na hayakumwagika. Nikakunja ngata, nikaiweka kichwani, nikaweka juu yake kibuyu cha maji, nikapanda mtumbwi. Wachungaji walilala chini kwa kicheko. Lakini shingo yangu ilijua kazi yake, na shingo ikituliza kichwa, kiuno chenyewe kinacheza. Mtumbwi ukayumba, kiuno kikaenda nao, kibuyu kikatulia. Nikapiga kasia. Nikafika ng'ambo. Wachungaji wakainuka mmoja mmoja, na yule wa "unaoga au unavua" akapiga mluzi. Nikageuza kurudi, nikawaza jinsi nilivyo hodari, nikaanguka. Kibuyu kilielea, namshukuru Mungu.

Nilipomsimulia mume wangu habari ya kibuyu, alicheka. Akarudia kucheka alipolala. "Mimi ningekufundishaje hilo?" akasema. "Sijabeba mtungi maisha yangu yote."

Kulikuwa na jambo moja ambalo hakuwa amenifundisha, na wote wawili tulijua. Ni jinsi ya kurudi mtumbwini penye kina. Kingoni nikianguka nilisimama tu kwenye matope. Kule katikati, kwenye visiki, ndiko walikokuwa samaki wakubwa, na kule hakuna pa kusimama. Jioni moja nikamwuliza moja kwa moja. Akaanza, "Ukianguka kule," akakomea hapo. Jasho lilimtoka kwenye mdomo wa juu. Mikono aliifumbata kati ya magoti.

Nikasubiri. Mimi, ambaye hata chai siisubiri ipoe. Moyoni nilikuwa nasema: sema, baba, sema, ukilisema utapona.

"Ukianguka kule," akasema tena, "usipige kelele, utameza maji. Mtumbwi wa mti hauzami. Utafute huo kwanza. Kasia baadaye, samaki baadaye. Wala usipandie ubavuni, utakugeukia. Nenda nyuma yake, nyosha miguu, piga teke mpaka mwili uelee juu, halafu jivute kwa tumbo, taratibu. Kichwa kikae chini. Miguu iingie mwisho."

"Kumbe ni mkia wa ng'ombe!" nikasema.

"Mtumbwi hauna mkia."

Nikamweleza. Kwetu mto Simiyu ukijaa na ng'ombe wako ng'ambo, hujui kuogelea na hakuna daraja, unafanyaje? Unamwingiza ng'ombe dume mwenye akili, unashika mkia, unalala juu ya maji na kupiga teke, yeye anakuvusha. Shida ni akiamua kujisaidia njiani. Mume wangu, mtu wa ziwani, hakuwahi kusikia kitu kama hicho. Alicheka mpaka akakohoa, na mimi nikacheka kwa sababu yeye alicheka. Mtoto wetu akaamka akatoka nje kuuliza kuna nini. Tukamwambia kuna ng'ombe.

Baada ya hapo alianza kusogea. Kwanza alikuja mpaka kwenye kichuguu kinachotazama lambo, akasimama juu yake kunifokea kutoka mbali. Ilikuwa raha kufokewa. Halafu akashuka mpaka kwenye majani walikokaa wachungaji. Mwisho akafika kingoni, lakini palipoanza matope mabichi miguu ilikataa, na maji yakisogea kwa upepo alirudi nyuma. Nilikwisha anza kuleta perege wa mshipi, wadogo lakini ni perege. Nilimtupia yeye, akawadaka. Nikisema aje anishikie mtumbwi nishuke, alitazama pembeni.

Pamba iliiva. Nilikuwa naichuma huku roho iko juu, maana kila gunia lililojaa lilikuwa linapunguza siku. Mwenyekiti alinikumbusha kwa upole kwamba perege wa kutosha nyumba moja si kazi ya mtumbwi wa kijiji. Alikuwa na haki, na nilimchukia kwa hilo. Zilipobaki safu za mwisho shambani alisema watakuja kuangalia.

Walikuja asubuhi: mwenyekiti, mzee mwenye ng'ombe na msumeno wake begani, na nusu ya kijiji nyuma yao. Mume wangu alikuwa amesimama pale pale pake, penye mpaka wa matope. Nikaweka ndoano na mshipi, nikachukua chambo cha vyura, nikaenda moja kwa moja kwenye visiki. Niliogopa. Nisikudanganye, magoti yalikuwa yanagonga mbavu za mtumbwi na si kwa ufundi. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Nilikaa kule mpaka watu wakaanza kukaa chini. Kisha mshipi ukavutwa. Si kuvutwa kwa perege, ni kule kwa kamongo, kuzito, kama mtu anakunyang'anya kamba. Nikavuta. Akaja juu nikamwona, mnene kuliko paja langu, akafungua kinywa chake kibaya, akajipinda. Hapo nikasahau kinu, nikasahau kibuyu na maneno ya mume wangu, nikawa mtoto wa baba yangu nyuma ya plau. Nikajitupa upande wa pili kwa uzito wangu wote.

Maji yalikuwa baridi na meusi. Nilizama na macho wazi na sikuona kitu. Kitu kiligusa mguu wangu, tawi au samaki, na nikajua sasa jinsi ilivyokuwa kwake siku ile, nikamwonea huruma. Nilitaka kupiga kelele. Utameza maji. Nikaibuka, nikapapasa, mkono ukagonga mti wa mtumbwi. Nikazunguka nao mpaka nyuma, nikashika kwa mikono miwili, nikanyosha mwili na kupiga teke kama niko nyuma ya dume la baba yangu. Miguu ikaelea. Nikajivuta kwa tumbo. Mtumbwi ukayumba, nikauacha uyumbe. Nikajivuta tena, kichwa chini, pua ndani ya maji machafu yaliyoingia mtumbwini, na mwisho miguu yangu miwili ikaingia nyuma yangu. Nikakaa. Nilikuwa nimekaa kwenye maji mpaka kitovuni, ndani ya mtumbwi, mzima. Nikacheka kwa sauti, peke yangu, kama mwehu.

Nilipogeuza kichwa kuwatazama wale wa kingoni, nikaona wote wamesimama na hakuna anayenitazama mimi. Walikuwa wanatazama majini. Kati yangu na wao kulikuwa na kichwa cha mtu kinakuja, na nyuma yake shati jeupe limejaa hewa.

Mama yangu wee! Alikuwa anaogelea vibaya, mvuvi yule, anakohoa, macho yamemtoka. Alifika akaushika mtumbwi kwa nyuma, na meno yake yalikuwa yanagongana nikiyasikia.

"Umekuja kufanya nini?" nikamwuliza. Ndivyo nilivyo, hata pale.

"Sikukuona," akasema. "Ulizama, sikukuona." Kisha akaangalia pande zote, akaona aliko, na uso ukambadilika. Vidole vikaanza kuteleza.

Mtumbwi ulikuwa wa mtu mmoja. Ningeweza kumkokota mpaka kingoni akiwa ameng'ang'ania nyuma, na watu wangemvuta nje mara ya pili. Niliwaza hivyo na hasira ikanipanda, safari hii ya kupenda. Nikachota maji na kuyamwaga nje kadiri nilivyoweza, kwa kibuyu nilichokuwa nimekifunga mtumbwini, nikalidaka kasia lililokuwa likielea karibu nikamwekea ndani, nikajishusha ubavuni taratibu mpaka nikaingia tena kwenye yale maji meusi, kwa hiari yangu.

"Panda," nikasema.

"Na wewe?"

"Panda, baba, mimi nipo hapa nyuma. Tumbo kwanza. Kichwa chini."

Alinitazama. Akanyosha miguu, akapiga teke, akajivuta. Alipokwama kidogo nilimsukuma makalio kwa kichwa, na kama kuna aliyeona kingoni, shauri yake. Akaingia. Akakaa chini kabisa, magoti huku na huku, akashika kasia, na mtumbwi ambao mimi ulinitesa msimu mzima ukatulia chini yake mara moja. Nikashika nyuma kwa mikono miwili, nikalala juu ya maji, nikasubiri kupelekwa nchi kavu.

Hakugeuza kwenda nchi kavu. Aliinama, akaangalia mshipi wangu ulivyokwenda kati ya visiki, akapiga kasia mara moja, kimya, kuelekea huko.

"We baba!" nikapiga kelele, nikameza maji. "Kingo iko huku!"

"Samaki yuko huku," akasema, bila kugeuka. "Tulia, utamtisha."

Nikatulia. Nilikuwa natetemeka kwa baridi, kanga moja imepotea, kijiji kizima kinatazama, na mume wangu ananikokota kwenye visiki kufuata kamongo kana kwamba sipo, na sijapata kuwa na furaha namna ile maishani mwangu.